Mgao si kikomo: Maneno yanayotupotezea kazi katika hifadhi ya pamoja

KATIKA vyuo vikuu na taasisi za utafiti humu nchini kuna neno lililozoeleka kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kulihoji. Neno lenyewe ni mgao. Mwanafunzi wa uzamili akifunguliwa akaunti katika klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja, huambiwa kwamba mgao wake wa diski ni gigabaiti kadhaa. Mhadhiri naye huambiwa mgao wake ni mkubwa kidogo. Wote wawili huondoka wakiamini kwamba wamepewa kitu.

Dai langu katika makala haya ni kwamba hawajapewa chochote. Wamewekewa mpaka tu. Na kwa kuwa neno walilotamkiwa linasema jingine kabisa, wengi wao huja kugundua ukweli siku ambayo kazi yao imeshapotea.

Hebu tulipime neno hili kwanza. Mgao umetokana na kitenzi gawa. Tunasema mgao wa fedha za kaunti, mgao wa mahindi ya msaada, mgao wa urithi. Katika mifano hii yote kuna kitu kilichopo, kikakatwa mafungu, na kila mwenye haki akapata fungu lake. Fungu likishatoka mikononi mwa mgawaji, ni lako. Ulile leo au uliweke hadi mwakani, hakuna wa kukuuliza. Hata mgao wa maji au wa umeme, ambao hakuna anayeupenda, humwachia mtu saa zake anazozijua. Kwa hivyo neno hili limebeba ahadi ndani yake, na wahenga hawakukosea waliposema ahadi ni deni.

Sasa tuangalie kinachofanyika ndani ya kompyuta. Chukua mfano wa darasani, usiokihusu chuo chochote. Diski ya pamoja ina terabaiti 10. Watumiaji ni 40. Msimamizi anamwandikia kila mmoja gigabaiti 500. Ukizidisha unapata terabaiti 20, ilhali diski yenyewe ina nusu ya hizo! Msimamizi si mwizi wala hajui hesabu vibaya. Anajua kwa uzoefu kwamba wengi hawatatumia hata robo ya walichoandikiwa, ndipo anaandika zaidi ya alichonacho. Benki nazo hufanya karibu vivyo hivyo; haziweki sandukuni kila shilingi ya kila mteja.

Lakini ifike siku watumiaji 20 wajaze walichoandikiwa. Diski imekwisha. Wale 20 waliobaki, ambao pengine hawajahifadhi hata ukurasa mmoja, hawana mahali. Ukimwuliza mmoja wao atakwambia, "Lakini mimi nina mgao wa gigabaiti 500!" Kumbe gigabaiti hizo hazikuwahi kutengwa popote. Alichokuwa nacho ni katazo: usivuke 500. Kwa Kiswahili cha kawaida, katazo la namna hiyo tunaliita kikomo. Mgao hukuhakikishia kwamba hutapata pungufu ya kiasi fulani. Kikomo hukuzuia usipate zaidi, na juu ya pungufu hakisemi lolote.

Najua atakayenijibu. Atasema kwamba hata Waingereza wenyewe hutumia neno kwota, na kwota ni mgao. Hoja hiyo ina uzito, na inafaa tuifuate hadi mwisho wake. Neno hilo lina asili ya Kilatini, katika fungu la maneno quota pars, maana yake "sehemu ya ngapi". Ni neno la kuuliza kila mtu anastahili au anadaiwa kiasi gani. Wakenya wa rika langu wanakumbuka mfumo wa kwota wa miaka ya 1980 katika kuwateua wanafunzi wa sekondari. Pale kwota ilikuwa mgao hasa, maana nafasi zilihesabiwa, zikatengwa, na wa wilaya fulani wakawa na zao.

Kwenye kompyuta mambo yalikuwa tofauti tangu mwanzo. Mfumo wa kwota za diski uliokuja kuenea katika Unix ulitengenezwa na Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, ukatolewa kwa ulimwengu mwaka 1983 ndani ya toleo la 4.2BSD la Berkeley. Ulizaliwa chuoni kwa tatizo la chuoni: watu wengi, diski moja, na wachache wanaojaza kila kitu. Haukukusudiwa kumtengea yeyote nafasi. Kazi yake ilikuwa kuzuia. Kiingereza kikautwika jina la kugawa mfumo unaozuia, na kosa hilo likadumu. Sisi tulipotafsiri, tulitafsiri jina pasi na kutazama kazi. Tukalirithi kosa la watu ilhali tulikuwa na neno sahihi nyumbani.

Kosa halikuishia hapo. Katika mfumo huu kila mtumiaji huwa na mipaka miwili. Ule wa kwanza akiuvuka, huonywa lakini huruhusiwa kuendelea kwa siku kadhaa. Katika mifumo mingi ya Linux muda huo ni siku saba, msimamizi asipoubadilisha. Ule wa pili hauvukiki hata kwa baiti moja. Na zile siku saba zikiisha kabla hujapunguza mzigo, mpaka wa kwanza nao hugeuka kuwa ukuta.

Nimekutana na tafsiri zinazouita mpaka wa kwanza "kikomo laini", wa pili "kikomo kigumu" na zile siku saba "kipindi cha neema". Jamani! Ulaini wa kikomo ni upi? Ugali huwa laini, na ngozi ya mtoto huwa laini. Msomaji wa Kiswahili akiona "kikomo laini" haoni onyo lolote. Pengine atadhani ni kikomo kisicho na maana, akipuuze. Na "neema" humpeleka kwenye mvua na mavuno, au kanisani. Hakuna chochote katika maneno hayo kinachomwambia kwamba saa imeanza kuhesabu na kwamba baada ya siku saba atafungiwa.

Cha kusikitisha ni kwamba tulikuwa na neno. Muhula, ambalo watoto wetu hulijua kama muda wa masomo baina ya likizo mbili, lina asili ya Kiarabu, na huko asili yake ni muda wa kungojewa: nafasi anayopewa mdaiwa kabla ya kubanwa. Ukisema "umepewa muhula wa siku saba", hata mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta ataelewa kwamba kuna deni, kuna tarehe na kuna matokeo. Mpaka wa kwanza tuuite mpaka wa onyo. Wa pili tuuite mpaka wa mwisho. Hapo kila neno linataja kazi yake.

Pengine msomaji atauliza kama haya si mabishano ya maprofesa wasio na la kufanya. Nitamjibu kwa kisa.

Nilikuwa na mwanafunzi wa uzamili, binti wa kwetu Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui. Alikuwa akikusanya Kikamba cha wazee wa Tseikuru na vijiji vya jirani: majina ya nyasi, majina ya aina za mchanga wa mtoni, maneno ya warina asali. Katika taaluma ya uhifadhi wa lugha, sauti hurekodiwa bila kubanwa ili hata pumzi ya msemaji isipotee, na Kikamba ni lugha yenye toni, huwezi kufanya mchezo na sauti. Rekodi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, mikondo miwili, hula takriban gigabaiti moja kwa kila saa. Ukiwa na saa mia mbili, una gigabaiti mia mbili na ushei. Folda yake ya nyumbani katika klasta ya chuo alichosomea, ambacho sitakitaja, isingetosha hata robo ya mzigo huo.

Akaziweka rekodi mahali alipoona pana nafasi kubwa. Mahali penyewe paliandikwa, kwa Kiswahili kilichokusudiwa kumsaidia, "eneo la mkwaruzo". Wajuzi wa kompyuta watatambua mara moja kilichotafsiriwa hapo. Ni ile sehemu kubwa ya diski ambako programu huweka matokeo ya njiani, na ambako sheria husema kwamba faili isiyoguswa kwa siku kadhaa hufutwa yenyewe. Kwa Kiingereza huitwa kwa jina la karatasi ya kufanyia hesabu za haraka, karatasi ambayo hutupwa. Mfasiri aliona kukwaruza, akaandika mkwaruzo.

Binti yule akarudi Tseikuru kurekodi zaidi. Kule mtandao huja na kuondoka. Onyo lilitumwa kwa barua pepe, yeye yuko vijijini. Aliporudi baada ya miezi mitatu, folda ilikuwa tupu. "Profesa," aliniambia, "mimi nilidhani mkwaruzo ni jina tu la folda." Baadhi ya rekodi zilipatikana katika kadi ya kinasa sauti. Nyingine hazikupatikana, na wazee wawili kati ya waliosema humo wametangulia mbele ya haki. Maneno yao hatutayapata tena kwa namna ile.

Je, kama pale pangeandikwa "hifadhi ya muda: faili zisizoguswa hufutwa", angeweka kazi ya mwaka mzima hapo? Siamini.

Sitaki kumwonea msimamizi wa mitambo. Mgala muue na haki yake mpe. Bila vikomo, programu moja iliyoharibika inaweza kuandika ujumbe wa makosa usiku kucha, asubuhi diski ikawa imejaa na kazi za watu wote zimesimama. Na hasara yake si ya kusimama tu. Programu nyingi zinapohifadhi upya faili, hulifuta kwanza la zamani ndipo ziandike jipya. Nafasi ikiwa imekwisha, la zamani limeshaondoka na jipya haliandikiki. Mtu anabaki na faili la baiti sifuri lenye jina la tasnifu yake. Kwa hiyo vikomo vinawalinda watumiaji. Wala data za leo si ndogo: jenomu moja ya binadamu, ikisomwa kwa kina cha kawaida cha utafiti, hutoa data ghafi za takriban gigabaiti 100. Mtafiti mmoja mwenye sampuli mia moja anaweza kumaliza ile diski yetu ya mfano peke yake.

Basi ugomvi wangu hauko kwenye kuzuia. Uko kwenye kuzuia kwa lugha ya kugawa.

Kwetu Tseikuru somo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mvua haitegemewi, na mito ni ya msimu. Ikikauka, watu huchimba mchangani hadi wafikie maji. Kisima hicho kwa Kikamba huitwa kithima. Katika sehemu nyingi za Kitui, jamii zimejenga pia mabwawa ya mchanga: ukuta unavushwa mtoni, mafuriko yanaleta mchanga, na maji yanakaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Kazi ya kujenga aghalabu hufanywa kwa mwethya, yaani ushirika wa kufanya kazi pamoja.

Kithimani hakuna anayeambiwa kwamba ana mgao wa mitungi kumi. Angeambiwa hivyo, angeidai hata siku ambayo maji hayapo. Huambiwa asichote zaidi ya mitungi kadhaa kabla wengine hawajafikiwa, na mifugo inywe upande wake. Hicho ni kikomo, na kila mtu anakielewa kwa sababu mbili. Kwanza, kimesemwa kwa lugha yake. Pili, anayaona maji kwa macho yake. Anajua leo yamejaa au yamepungua, na anajua ni nani aliyekuja na punda watatu.

Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, aliandika makala mashuhuri akidai kwamba mali ya pamoja huishia kuharibiwa, kwani kila mmoja hutafuta faida yake. Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa wa huko huko, alitumia miaka mingi kuchunguza malisho, misitu, uvuvi na mifereji ya maji sehemu mbalimbali duniani, akaonyesha katika kitabu chake cha 1990 kwamba si lazima iwe hivyo. Jamii nyingi zimehifadhi mali ya pamoja kwa vizazi, pale ambapo watumiaji wana sauti katika kutunga kanuni, wanazielewa, na wanaweza kuona jinsi mali inavyotumiwa. Mwaka 2009 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata katika taaluma hiyo. Wazee wa Tseikuru hawakuhitaji Nobel kulijua jambo hilo, lakini ni vizuri limeandikwa.

Kwenye diski, macho hayasaidii. Mtumiaji haoni maji. Haoni terabaiti 10 wala wenzake 39. Anachokiona ni neno na tarakimu iliyo mbele yake. Ikiwa neno hilo linampotosha, hana njia nyingine ya kujua. Ndiyo maana nasema istilahi hapa inafanya kazi ambayo kithimani hufanywa na macho.

Na jambo hili halimhusu mtu wa klasta pekee. Februari 2021 Google ilitangaza kwamba hifadhi isiyo na kikomo ambayo taasisi za elimu zilikuwa zikiipata bila malipo itakoma, na kwamba kuanzia Julai 2022 kila taasisi itakuwa na terabaiti 100 za pamoja. Terabaiti 100 zinasikika nyingi. Hebu zigawe kwa chuo chenye wanafunzi na wafanyakazi 40,000: kila mmoja anapata gigabaiti mbili na nusu. Hiyo si hata saa tatu za rekodi za binti yule wa Tseikuru. Vyuo vingi duniani vikalazimika kuwawekea watu vikomo. Na humo pia lugha inacheza na mtu: faili uliyoifuta hubaki kwenye pipa la taka na huendelea kuhesabiwa hadi pipa limwagwe, jambo linalotokea lenyewe baada ya siku 30. Mtu anafuta, anatazama tena, tarakimu ni ile ile, anadhani mtambo umeharibika. Kumbe hakufuta; alitupa pipani. Kiswahili kinatofautisha vyema kutupa na kufuta. Kwa nini kwenye skrini tuvichanganye?

Wapo watakaosema kwamba watu wa kompyuta hutumia Kiingereza, hivyo Kiswahili cha vikomo hakihitajiki. Hao nawakumbusha Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010: Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, pamoja na Kiingereza. Tena, Kiingereza chenyewe, kama nilivyoonyesha, hakikutupa neno zuri. Hapa tuna nafasi ya kukisahihisha badala ya kukiigiza.

Pendekezo langu ni jepesi. Kiwango ambacho mtu haruhusiwi kukivuka kiitwe kikomo. Mgao ubaki kwa nafasi iliyotengwa kweli kweli, ambayo mwingine hawezi kuigusa hata kama mwenyewe hajaitumia. Pale kundi zima la utafiti linapochangia kiwango kimoja, ielezwe wazi kuwa ni kikomo cha kundi, ili kila mmoja ajue kwamba faili zake zinaweza kumzuia mwenzake. Tuwe na mpaka wa onyo, mpaka wa mwisho, muhula, na hifadhi ya muda. Idadi ya faili nayo, kwa kuwa mifumo mingi huiwekea kikomo chake mbali na ukubwa, iitwe idadi ya faili basi. Haihitaji jina la kutisha. Na tangazo la akaunti mpya lijibu maswali manne kwa Kiswahili ambacho mtu wa Tseikuru atakisoma bila mkalimani: mwisho wangu ni wapi, nikiuvuka nina siku ngapi, nini hufutwa bila kuniuliza, na ni sehemu ipi haina nakala rudufu.

Kwa upande wa watumiaji, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Andika una nini, kiko wapi, na nakala ya pili iko kwa nani. Na utakapofunguliwa akaunti, ukiambiwa kwamba una mgao wa gigabaiti 500, muulize msimamizi kwa adabu kama zimetengwa au umekatazwa tu kuzivuka. Jibu lake ndilo litakalokuonyesha rekodi zako uziweke wapi.